Meli Iliyozoeleka Kuinama

 Wa hosteli mpo, wa mtaani mpo, na nyie mliokwenda makwenu kusubiri bumu litoke, poleni sana. Leo siandiki habari za foleni ya mgahawani wala za mhadhara wa saa moja asubuhi. Leo naandika habari ya meli. Ndiyo, meli! Meli ya mvuke ya Marekani iliyozinduliwa mwaka 1903. Tulieni, mtaona wenyewe kwa nini.

Sisi tunaosoma ualimu wote tunaijua Hawthorne. Si ile tuliyokaririshwa kwenye kozi ya uongozi wa elimu? Kwamba kuanzia mwaka 1924 watafiti waliingia kiwandani Hawthorne, wakabadilisha mwanga, wakabadilisha muda wa mapumziko, wakaona wafanyakazi wanaongeza bidii, na jina la Elton Mayo likapata umaarufu hapo. Desa linaishia hapo, unajaza jibu, unapata alama zako. Mimi nikataka kujua hiyo Hawthorne yenyewe ni wapi na ilikuwa inatengeneza nini. Kumbe ni kiwanda cha simu cha kampuni ya Western Electric, kule Cicero, pembeni kabisa ya jiji la Chicago. Na kumbe miaka 9 kabla ya hao watafiti kuingia na taa zao, wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho walipanda meli na familia zao kwenda pikniki, na watu 844 wakafa. Asubuhi moja! Na meli yenyewe ilikuwa haijaondoka gatini.

Meli hiyo iliitwa Eastland. Nimeifuatilia karibu mwezi mzima sasa, mpaka mwenzangu wa chumba ananiita Nahodha. Kinachonikosesha usingizi si ile asubuhi peke yake, ni maisha yote ya meli hii tangu siku ya kwanza. Maana ukiyapanga mwaka kwa mwaka unaona kabisa kwamba hakuna aliyeshtukizwa. Ilikuwa inasema, na watu wanasikia.

Tuanze mwanzo. Eastland ilijengwa Port Huron, jimbo la Michigan, kwenye karakana ya Jenks, ikateremshwa majini Mei 1903. Jina lilipatikana kwa mashindano, na mama mmoja wa mji wa South Haven ndiye aliyeshinda. Kazi yake ilikuwa kukimbia kati ya Chicago na South Haven kwenye Ziwa Michigan, ikibeba abiria pamoja na matunda, maana upande ule wa ziwa ni wa wakulima wa matunda. Ilikuwa na urefu wa karibu meta 81, na upana meta 11 na ushee tu. Ndefu, nyembamba, na ndani yake kuna ghorofa juu ya ghorofa. Watu wakaipenda kwa sababu ilikuwa na mbio, wakaiita malkia wa mwendo wa Maziwa Makuu. Nasema Maziwa Makuu ya kwao, siyo haya yetu.

Msimu wa kwanza tu ikapata kisa ambacho wana wa mgahawani mtakielewa haraka kuliko profesa yeyote. Agosti 1903, wachochea moto 6 waliokuwa wanalisha makaa kwenye tanuri la meli waligoma katikati ya safari. Sababu? Walinyimwa viazi kwenye chakula chao! Nahodha akawaweka chini ya ulinzi kwa bastola, na walipofika South Haven wakakabidhiwa polisi. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikaangaliwa vibaya. Lakini kumbukeni hilo la viazi, maana ndiyo mara moja tu katika habari hii yote ambapo watu wa chini wa meli ile walisimama wakasema leo haiendi. Na walikamatwa.

Sasa njooni kwenye tatizo lenyewe. Chombo chochote cha majini kinahitaji uzito chini ili kisimame wima. Watu wa majahazi wanauita farumi: mawe au mchanga unaowekwa tumboni mwa chombo kisipinduke. Ukitaka kuwafundisha wanafunzi wako wa kidato cha pili, chukua chupa ya plastiki tupu, funga kizibo, itupe kwenye ndoo ya maji. Inalala chali. Sasa tia kokoto kidogo ndani, inasimama. Halafu ifunge jiwe shingoni, kwa juu, uone. Hiyo ndiyo fizikia yote ya Eastland, mengine ni majina ya watu.

Eastland haikuwa na mawe, ilikuwa na matangi ya maji tumboni. Injinia anayajaza au anayapunguza kadiri ya mzigo na kina cha maji. Ikiingia penye kina kidogo, maji yanapunguzwa ili meli ielee juu zaidi. Kwa hiyo kusimama wima kwa meli hii kulitegemea mikono ya mtu aliye chini, asiyeona ni abiria wangapi wamekaa juu na wamekaa upande gani. Halafu baada ya ule msimu wa kwanza wenyewe wakataka mbio zaidi, wakafunga mitambo ya kuzidisha moto wa tanuri, wakaweka na mfumo wa kupooza hewa kwa ajili ya abiria. Meli ikawa na kasi zaidi na starehe zaidi. Ikawa pia inayumba zaidi.

Julai 1904, ikitoka South Haven na abiria zaidi ya 2,000, ikainama upande mmoja, ikarudi ikainamia wa pili, watu wakapiga mayowe. Ikatulia, ikafika. Mwaka 1906 yakatokea mengine ya namna hiyo hiyo. Ikatulia, ikafika. Baadaye ikahamia Ziwa Erie, ikawa inabeba watu wa Cleveland kwenda kwenye ufukwe wa starehe wa Cedar Point, na maneno yakaifuata huko huko kwamba meli hii si nzuri. Mnajua wenye meli walijibu nini? Agosti 1910 walilipia tangazo gazetini, wakaahidi dola 5,000 kwa mhandisi wa meli au mjenzi wa meli yeyote atakayesema kwamba Eastland haifai kusafiri. Dola 5,000 za mwaka 1910! Hawakusema njooni muipime. Walisema, anayebisha ajitokeze.

Mwaka 1913 mtaalamu mmoja wa usanifu wa meli aliandika barua kwa watu wa bandari kuonya kwamba kasoro ya kuinama isiporekebishwa inaweza kuleta ajali kubwa. Mwaka 1914 meli ikauzwa kwa kampuni nyingine, ikarudi Chicago kubeba watu.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kama mtu anayesoma hadithi. Kwa miaka 11 meli hii ilikuwa inainama na kuinuka, inainama na kuinuka, na kila ilipoinuka watu walihesabu kule kuinuka. Hawakuhesabu kuinama. Kila hatari iliyopita salama iligeuka kuwa cheti cha usalama. "Mbona juzi iliinama na tukafika?" Na wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja kweli, wanahesabu maboti, wanaangalia matanuri, wanatia saini. Lakini sheria ya wakati ule haikuwadai wapime kama meli inasimama imara majini, kwa hiyo hawakupima. Karatasi zote za Eastland zilikuwa safi!

Hii tabia tunaijua hapa chuoni, msijifanye hamuijui. Mtu anakesha usiku mmoja kabla ya mtihani, anapata C ya kuponea chupuchupu, muhula unaofuata ukimwambia asome mapema anakujibu, mbona nilipita? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba sisi tukianguka tunarudia mwaka.

Sasa tunafika kwenye Titanic. Titanic ilizama Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa, na kila mtu aliyeona ile filamu anajua kwamba maboti ya kuokolea hayakutosha. Dunia ikapiga kelele: maboti kwa wote! Marekani ikapitisha Sheria ya Mabaharia iliyosukumwa na seneta La Follette, Rais Wilson akaitia saini Machi 1915. Ni sheria ya huruma kabisa, inawatetea mabaharia na abiria. Wenye Eastland nao, mwanzoni mwa Julai 1915, wakaongeza maboti 3 na maboya 6 makubwa ya kuelea, yale yanayofanana na majukwaa. Kwa nyongeza hiyo wakaruhusiwa kubeba watu 2,500. Ikawa na jumla ya maboti 11, maboya makubwa 37, kila moja karibu nusu tani, na majaketi ya kuokolea zaidi ya 2,500. Sehemu kubwa ya mzigo huo iliwekwa juu kabisa. Tena msimu huo huo walikuwa wamemwaga zege kwenye sakafu za ndani zilizokuwa zimechakaa.

Mnakumbuka ile chupa na jiwe shingoni? Basi.

Jumamosi, tarehe 24 Julai 1915. Pikniki ya mwaka ya wafanyakazi wa Western Electric, kwenda Michigan City, Indiana, ng'ambo ya ziwa. Tiketi zaidi ya 7,000 zimeuzwa, meli 5 zimekodiwa, na ya kwanza kupakia ni Eastland. Wengi wao ni wahamiaji, Wacheki hasa, na watoto wa wahamiaji, watu wanaofanya kazi siku 6 kwa wiki. Kwa hiyo siku hii ndiyo siku. Watu wamevaa nguo mpya. Wasichana wamekuja na wachumba wao. Akina mama wamebeba vikapu na watoto wachanga.

Meli imefungwa kwenye Mto Chicago, katikati ya jiji, kati ya mtaa wa Clark na wa LaSalle. Saa 12 na nusu asubuhi na dakika kadhaa abiria wanaanza kupanda. Dakika chache tu meli inainamia upande wa gati. Injinia mkuu, Joseph Erickson, anacheza na matangi yake, inasimama. Inainama upande wa pili, wa mtoni. Anarekebisha tena. Kuna manyunyu, kwa hiyo akina mama wengi na watoto wanaingia ndani kukwepa kulowa. Bendi inapiga muziki, watu wanacheza. Saa 1 na dakika 10 meli imejaa, watu zaidi ya 2,500. Inainamia mtoni tena, na safari hii maji yanaanza kuingia kwa kwenye matundu ya pembeni. Vyombo vinateleza, watu wanacheka! Walionusurika walisimulia hilo, kwamba mwanzoni watu walicheka, wakaona kama mchezo. Kisha jokofu la baa na piano vikaserereka vikiwasukuma watu ukutani.

Saa 1 na dakika 28 Eastland ikalala ubavu. Kamba za gati nyingine zilikuwa bado zimefungwa. Maji ya pale yalikuwa na kina cha meta 6 tu, na kutoka kwenye meli mpaka ukingoni nako ni kama meta 6. Nusu ya mwili wa meli ilibaki juu ya maji, na watu waliowahi kuruka ukingo wakatembea kwenye ubavu wake bila kulowa hata viatu. Boti ndogo ya kuvuta meli, Kenosha, iliyokuja kuisaidia kuondoka, nahodha wake aliisogeza ikawa daraja la kuvukia kwenda nchi kavu. Na chini ya miguu ya waliokuwa wanavuka, ndani ya chuma, kulikuwa na mamia wanagonga.

Watu wa mtaani walitupa kila kinachoelea: makreti, mapipa, mbao. Mafundi wakaja kukata chuma kwa moto, wapiga mbizi wakaingia. Maboti yale 11? Hayakuteremshwa. Majaketi? Hapakuwa na muda wa kuvaa. Kila kitu kilichoongezwa kwa ajili ya kuokoa maisha kilikuwepo, na hakikuokoa.

Waliokufa ni 844. Familia 22 ziliisha kabisa, baba, mama na watoto. Titanic iliua wengi zaidi kwa jumla, lakini ukiwatoa wafanyakazi wa meli ukahesabu abiria peke yao, idadi hizi mbili zinakaribiana sana. Miili ilipelekwa kwenye jengo la kikosi cha akiba cha jeshi, ikapangwa kwa safu, na watu wakaingia kwa foleni kuwatafuta wao. Mtoto mmoja wa kiume alikaa pale siku kadhaa bila kudaiwa na mtu. Alikuwa na namba tu, 396. Hakudaiwa kwa sababu waliopaswa kuja kumtafuta, baba, mama na dada yake, walikuwa wamekufa naye. Mwishoni alikuja bibi yake, amebeba suruali mpya. Zilinunuliwa mbili za suti moja: moja mtoto aliivaa siku ya pikniki, ya pili ilibaki nyumbani. Wakazilinganisha.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Kuna aliyenusurika kwa kuchelewa pia. George Halas, mwanafunzi wa University of Illinois, umri miaka 20, alikuwa na kibarua cha likizo Western Electric na alipanga kwenda. Alipofika mtoni, meli imeshalala. Huyu ndiye baadaye alianzisha timu ya mpira wa Kimarekani inayoitwa Chicago Bears. Fikirieni, rika letu kabisa, kibarua cha likizo, amechelewa. Na ni wangapi wa rika letu waliowahi?

Sasa swali la mtihani: nani aliwaua?

Hili tumelibishania chumbani siku tatu. Mwenzangu wa chumba anasoma sheria, na yeye jibu lake lilikuwa tayari mfukoni. "Nahodha, hao waliuliwa na huruma. Bila sheria ya maboti wasingekufa. Mnapiga kelele baada ya ajali moja, mnatengeneza ajali ya pili." Na ukweli ni kwamba kuna mwanahistoria wa uchumi, George Hilton, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1995 akiiita Eastland urithi wa Titanic, na hesabu zake za uzito zinatisha. Tarehe 24 Julai ilikuwa mara ya kwanza meli ile kujazwa pomoni ikiwa na maboti yale mapya.

Lakini mimi nikamwambia, Wakili, subiri kidogo. Sheria ilisema watu wawe na maboti. Haikusema yapakiwe kwenye meli iliyokuwa inainama tangu 1904 bila kuipima. Wangeweza kuongeza maboti na kupunguza abiria. Wao waliongeza maboti ili waongeze abiria! Ukimpa mgonjwa wa moyo mzigo akaanguka, huwezi kusema mzigo ndio ulioleta ugonjwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa mwalimu, sasa unamfunga nani?"

Hapo alinishika, maana ukienda mahakamani ndiyo unaona maajabu. Kesi ya jinai ilipofika Grand Rapids mwaka 1916, upande wa mashtaka ukitaka washtakiwa wapelekwe Chicago, injinia Erickson alitetewa na Clarence Darrow. Ndiyo huyo huyo Darrow aliyekuja kumtetea mwalimu John Scopes mwaka 1925 kwa kufundisha nadharia ya mageuzi, wale wa biolojia mnamjua. Jaji akakataa kuwapeleka, kesi ikafia hapo. Kesi ya madai ya familia ikavutwa miaka 20. Mwaka 1935 mahakama ya rufaa ikasema kampuni haina hatia, meli ilikuwa inafaa kusafiri, kosa ni la injinia ambaye hakujaza matangi yake sawasawa.

Erickson alikuwa amekufa tangu mwaka 1919. Moyo. Kwa hiyo mwenye kosa akapatikana, yuko kaburini, hana la kujibu.

Na fidia je? Sheria ya tangu mwaka 1851 ilimruhusu mwenye meli kulipa isizidi thamani ya meli yake ilivyo baada ya ajali. Eastland iliinuliwa mtoni Agosti 1915, ikauzwa kwa mnada Desemba mwaka huo kwa dola 46,000, na katika hizo kuna deni la kuiinua. Gawanya kinachobaki kwa vifo 844, wenyewe. Western Electric ilitoa dola 100,000 za kusaidia familia na watu wa Chicago wakachanga, lakini hiyo ni sadaka. Haki ni kitu kingine.

Si kwamba Erickson ni malaika. Aliyeyashika matangi asubuhi ile ni yeye. Ila najiuliza: mtu mmoja ndani ya chumba cha mashine, dakika 45, anatakiwa kusahihisha kilichoharibiwa kwa miaka 12 na wasanifu, wenye mali watatu wanne, wakaguzi na waliolipia tangazo la dola 5,000. Kila mmoja wa hao alikuwa na kipande kidogo cha kosa, kidogo kiasi kwamba ukikiweka peke yake mezani hakitoshi kumfunga mtu. Ukivijumlisha wanakufa watu 844. Kisha lawama inashuka, inashuka, mpaka inamkuta aliye chini kabisa. Hata wa viazi walikuwa chini.

Mnadhani basi meli ilikatwakatwa? Wapi! Hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi. Jeshi la wanamaji likaichukua, likaondoa ghorofa za juu, likafunga mizinga, likaipa jina jipya: Wilmette. Ikaanza kazi ya jeshi Septemba 1918, vita vya kwanza vikiwa ukingoni kuisha. Ikawa meli ya mafunzo kwenye maziwa yale yale. Juni 1921 ilitumika kuipiga mizinga na kuizamisha Ziwa Michigan nyambizi ya Kijerumani UC-97, iliyochukuliwa baada ya vita. Vita ya pili ikafundisha wapiga mizinga. Ikastaafishwa Novemba 1945, ikauzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1946, ikakatwa mwaka 1947.

Pigeni hesabu. Kama Eastland iliishi miaka 12. Kama Wilmette, karibu 27, na haikupinduka tena. Yaani meli ile ile, mwili ule ule! Walipoiondolea uzito wa juu na kuacha kuijaza watu kama dagaa, ikasimama. Dawa ilikuwepo miaka yote. Ilikuwa dawa ya kupunguza, na kupunguza hakukuwa na faida.

Chicago yenyewe ilisahau haraka. Titanic ilikuwa na matajiri wa kuandikwa magazetini, na Eastland ilikuwa na mafundi wa simu na wachumba wao. Lile jengo la jeshi lililopangwa maiti baadaye likawa studio za Oprah Winfrey, likabomolewa mwaka 2016, na leo pale pana makao makuu ya McDonald's. Pale ukingoni mwa mto hapakuwa na hata kibao kwa zaidi ya miaka 70. Kibao kiliwekwa mwaka 1989, na walioanzisha mambo ni watu wa sekondari, Illinois Mathematics and Science Academy. Kikaibwa mwaka 2000! Kikawekwa kingine 2003. Na mwaka 2015, miaka 100 baada ya ajali, picha za filamu za siku ile zilionekana mtandaoni kwenye hazina ya filamu za zamani za Uholanzi. Aliyeziona ni mwanafunzi wa udaktari wa University of Illinois at Chicago aliyekuwa anapekua mambo yake mengine.

Hayo mawili ya mwisho nayapenda sana kama mwalimu mtarajiwa. Serikali ya jiji, kampuni, mahakama, wote walikuwa na sababu ya kulipita jambo hili. Vijana wa shule ndio waliosimama ukingoni wakauliza, mbona hapa hapajaandikwa kitu?

Wenzangu, mwezi ujao tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Tutapewa zamu, tutapewa madaftari ya kusaini, tutapewa watoto wa kupeleka ziara, na tutaambiwa basi hili ni zima, bweni hili halina shida, miaka yote tunafanya hivi. Mimi nimeshaamua swali langu. Sitauliza kama kuna lililowahi kutokea. Nitauliza ni mara ngapi nusura litokee, na baada ya hapo nani alifanya nini. Wakiniona mwalimu wa mazoezi ana maswali mengi, waseme tu.

Wakili amenikumbusha kwamba kiazi ni kiazi, tukale kabla foleni haijafika nje. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.